Watu wa Nta na Mjomba wa Firdausi

Jumatatu, 11 Agosti

Leo naanza shajara. Mtu mwenye mipango huandika mipango yake. Nataka watoto wangu waje wasome jinsi baba yao Zaidi, karani wa masjala hapa Kibaha, alivyomuoa mama yao kwa kutumia akili. Watoto sina. Mama yao nimeshampata, ila bado sijapewa.

Jina lake Firdausi. Mwalimu wa darasa la pili, amepanga chumba Misugusugu, mtaa wa pili kutoka kwangu. Kwao ni Marui, kule Kisarawe. Posa yangu ilipelekwa mwezi uliopita na baba mwenye nyumba wangu, mshenga mzuri ingawa anapenda kula. Mzee Kitwana, baba yake Firdausi, aliipokea kwa bashasha. Akasema yeye hana kipingamizi, ila mtoto ana mjomba wake. Kwao neno la mwisho ni la mjomba. Mama yake Firdausi ni marehemu, na kaka wa marehemu, Mjomba Abdulkadiri, mstaafu wa reli anayeishi Temeke, ndiye atakayesema ndiyo au hapana. Hajaniona. Nami sijamwona.

Firdausi ushauri wake mfupi. Eti niende nikawasalimie wazee kwa heshima, niketi, ninyamaze. Basi. Nilimhurumia. Kusalimia! Kila mtu anasalimia. Hata Seif anasalimia.

Huyu Seif ni wa kuangaliwa. Ana duka la saruji na nondo Kongowe, ana Noah nyeupe, na ana tabia ya kupita kwa Mzee Kitwana mara kwa mara. Anasema anafuata asali. Mtu mzima, na nondo zote zile, anafuata asali! Anasubiri nikataliwe tu.

Kwa hiyo nimepata wazo. Mjini kuna Jumba la Nta, nyumba nzima ya masanamu ya watu yaliyotengenezwa kwa nta. Kila mwenye simu hapa Kibaha ameshapiga picha humo isipokuwa mimi. Na Mzee Kitwana ni mfuga nyuki. Nta ni mali yake! Nitampeleka Jumamosi, na Mjomba atatukuta humo humo kwa kuwa yeye ni mtu wa mjini. Nitawatembeza. Nitawaeleza hili na lile. Mjomba atajionea mwenyewe ni mkwe wa aina gani ameletewa na Mungu.

Nimeshampigia Mzee simu. Alifurahi kama mtoto. Akauliza kama napajua. Nikajibu nimeshaingia mara nyingi, hata walinzi ni rafiki zangu. Sijui nani alisema maneno hayo kwa mdomo wangu.

Jumanne, 12 Agosti

Nimemdodosa dada Recho, katibu muhtasi wetu. Yeye alikwenda Jumba la Nta na kwaya yao. Anasema masanamu yanafanana na watu mpaka nywele zinasimama. Mlangoni kuna bawabu wa nta, na mzee wao mmoja wa kanisa alimwamkia. Kimya. Akaamkia tena kwa sauti. Kimya. Mara ya tatu akamuuliza amelelewa na nani. Wenye simu wakarekodi. Recho alinionyesha ile video. Mzee wa watu anamfokea sanamu kidole juu, nyuma yake kwaya nzima inakufa kwa kicheko.

Sikucheka.  Mimi niliyeingia humo mara nyingi, nikamwamkie sanamu mbele ya wakwe? Nimekwisha.

Nimejiwekea sheria moja. Ndani ya jumba lile, kisichotikisika hakisalimiwi. Tatizo nimelelewa na bibi, shikamoo inanitoka hata usingizini. Ulimi lazima ufundishwe. Nikaanza mazoezi leo leo. Mlinzi wa getini nikampita kimya. Mama lishe nikampita kimya. Kisha nikamkuta bosi wetu, Bwana Fabian, amesimama dirishani anatazama barabara, hatikisiki hata ukope. Mtihani mgumu! Nikampita kimya. Nilijisikia mshindi.

Mchana nimepangiwa kusafisha majalada ya stoo, yale ya tangu enzi za tapureta. Recho anasema Bwana Fabian ameulizia kama nyumbani kwangu kuna msiba.

Jumatano, 13 Agosti

Niliaga kazini kwamba naumwa jino. Nikapanda bodaboda hadi Marui, njia ndefu yenye vumbi, kumwalika Mzee Kitwana uso kwa uso kama mtu mwenye adabu. Pia kumwambia safari hii ni siri, Seif asijue.

Nikamkuta Seif. Amejilaza mkekani, anakunywa uji, dumu la asali pembeni. Kabla sijafungua mdomo Mzee alikuwa ameshamweleza yote. Seif akasema kwa nini tuhangaike, atatupeleka yeye na Noah yake. Mzee akainua mikono akamwombea dua. Dua ndefu! Mimi nikawa naitikia amina kwa meno.

Nilikuwa nimeahidi kuleta gari mwenyewe. Sikuwa nimejua litatoka wapi, lakini ahadi ni ahadi.

Ikabidi nirudishe heshima. Mzee alikuwa anakwenda kukagua mizinga, nikasema nitamsaidia. Akatupa nyavu za kufunika uso. Seif akavaa yake. Mimi nikakataa. Nikasema nyuki humtambua mtu mwenye nia safi.

Mmoja alitosha. Alinichoma kwenye kope ya jicho la kushoto. Nilikimbia katikati ya mihogo ya watu, na nyuma yangu nikamsikia Mzee ananielekeza kwa upole kwamba huko ninakokimbilia kuna mizinga mingine.

Seif alijitolea kunirudisha na gari. Nilikataa katakata. Vumbi la kurudi nimelila kwa jicho moja.

Alhamisi, 14 Agosti

Jicho limeumuka kama andazi. Bwana Fabian aliuliza ni jino gani linalovimbisha jicho. Nikasema la juu. Stoo imeongezwa mpaka kesho.

Jioni Firdausi alikuja na barafu ndani ya kitambaa. Akaketi barazani, akanipa nijikande, akanitazama, akacheka mpaka akashika ubavu. Nikanuna. Akaacha kucheka, na hapo nikaona kuwa amechoka. Alisema dada zake wote wanamuuliza posa yake imeishia wapi. Alisema mjomba wake ndiye aliyemsomesha tangu mama yake afariki, na akisema hapana, yeye Firdausi hatamvunjia heshima. Itakuwa ndio mwisho wetu.

 Sikuwa nimelifikiria jambo hili hivyo.

Akanieleza habari za Mjomba. Si mkali, ila ana msimamo mmoja: hamsemeshi kijana ambaye hajamwamkia. Atanyamaza mpaka Kiama. Kuna mwaka fundi bomba aliingia kwake bila salamu, akauliza bomba lililopasuka liko wapi. Mjomba akamtazama tu. Fundi akauliza tena. Mjomba kimya. Maji yakajaa sebuleni, makapeti yakaelea, Mjomba yuko kitini anangoja. Fundi alipokuja kukumbuka shikamoo, viatu vya Mjomba vilishafika mlangoni vyenyewe.

"Zaidi, msalimie tu," akaniambia. "Mengine yote niachie mimi."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Kusema kweli nusu ya maneno yalinipita. Nilikuwa nafikiria jinsi ya kulificha hili jicho.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimepata miwani ya jua pale mezani kwa wauzaji wa barabarani. Nyeusi tii. Mwenye meza amesema huvaliwa na marubani. Ndani ya nyumba sioni kitu, nimeshagonga mlango na kumkanyaga kuku wa baba mwenye nyumba, lakini nikijitazama kwenye kioo, kadiri ninavyoweza kujiona, naonekana meneja.

Nimemaliza bando lote nikisoma kuhusu jumba lile. Chumba muhimu kwa wazee wetu ni kile cha Maisha ya Kale. Kina bibi mfinyanzi, wazee wawili wanaocheza bao, "na wengineo". Nimekariri maelezo yote. Ya hao wengineo nitatunga papo hapo.

Seif pia nimemshughulikia. Nimempigia nikamwonya kuwa pale mjini wanaiba vioo vya magari, hivyo dereva asitoke ndani ya gari. Akanishukuru sana. Masikini.

Mzee Kitwana amewasili jioni, amelala kwa binti yake. Amekuja na chupa ya asali. Nikauliza ni ya nani. Akasema ni ya wale rafiki zangu walinzi.

Jumamosi, 16 Agosti

Sijui nianzie wapi. Nianze mlangoni.

Seif alikuta maegesho yana mlinzi, akafunga gari, akaingia nasi. Alivaa viatu vinavyong'aa. Mzee Kitwana akanipa ile chupa ya asali, akasema haya, wape rafiki zako. Kwa miwani ile nikaona umbo la bawabu, mrefu, kofia kichwani, nikasahau kabisa habari za Recho. Nikamwendea kwa tabasamu, nikamwambia rafiki yangu, umeletewa zawadi kutoka Marui. Hakupokea. Nikaisogeza zaidi. Hakupokea. Pembeni sauti ya mtu mwingine ikaniuliza kama nina tiketi.

Nilimweleza Mzee kuwa wakiwa zamu hawaruhusiwi kupokea kitu. Mzee akaitikia polepole. Firdausi alikuwa anatazama dari.

Ndani kuna mwanga hafifu, wa kijani na wa njano. Mzee akakwama kwa bibi mfinyanzi. Akamnusa mkono, akasema hii si nta ya nyuki, hii imechanganywa na vitu. Akataka kumnusa na shingo, Firdausi akamzuia. Seif akabaki kumshikia Mzee bakora. Nikaona nafasi! Nikatangulia peke yangu kukagua, ili Mjomba akifika anikute nimesimama kwenye nafasi yangu kama mwenyeji.

Wale wazee wa bao niliwakuta. Kando yao kulikuwa na benchi, na kwenye benchi mzee wa tatu. Kanzu, kofia ya kiua, mikono miwili juu ya bakora, macho mbele. Nikasimama mbele yake. Hakutikisika. Ulimi ukaniwasha, shikamoo ikafika mpaka kwenye meno. Nikaikumbuka sheria yangu, nikaimeza. Mazoezi yamelipa!

Hapo likaingia kundi la akina mama wa kikundi cha upatu kutoka Mlandizi, vitenge sare. Wakaniuliza kama mimi ni wa humo ndani. Ningesemaje? Nikasema karibuni. Nikaanza maelezo. Nikawaambia huyu ni mzee wa pwani wa zamani, angalieni anavyokaa, watu wa zamani walikaa hivi kutwa nzima kwa sababu hawakuwa na kazi. Nikambonyeza pua kuwaonyesha ulaini wa nta. Nikasema masikio wameyazidisha kidogo, fundi alikuwa mwanafunzi. Mama mmoja akasema mbona ana jasho. Nikamjibu nta hutoa jasho wakati wa joto, ni jambo la kisayansi. Nikalifuta lile jasho kwa leso yangu.

Kisha nikaketi kando yake, nikamtupia mkono begani, nikampa mama mmoja simu anipige picha. Nilimwambia apige nyingi.

Akiwa bado anapiga, waliingia Mzee Kitwana, Firdausi na Seif. Seif ndiye aliyekuwa mbele, Firdausi akimnong'oneza kitu nyuma. Akaja moja kwa moja mpaka kwenye benchi, akainama, akasema, "Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu," ikasema nta.

Mkono wangu ulikuwa bado begani kwake. Nilitaka kuuondoa, ukakataa. Mzee Kitwana akasogea, akashangaa, akamuuliza shemeji yake amefika saa ngapi. Mjomba akajibu bila kugeuza shingo.

"Nimefika mapema. Nilikuwa nangoja kusalimiwa."

Niliruka. Miwani ikaanguka. Nikainama kwa unyenyekevu wote niliofundishwa na bibi, nikatoa shikamoo ambayo nadhani ilisikika mpaka Kariakoo. Nilipoinua kichwa niliona kuwa kwa ile haraka na lile jicho moja nimemwamkia mcheza bao.

Nikakimbia.

Chumba kilichofuata kilikuwa cha wanamuziki wa dansi. Kulikuwa na jukwaa, na juu yake mpiga gitaa wa nta, mpiga ngoma wa nta, na katikati pengo. Nikasikia miguu inakuja. Nikapanda, nikasimama kwenye pengo, mkono mmoja hewani. Sikuwa na mpango. Kwa mara ya kwanza maishani sikuwa na mpango wowote, nilikuwa nataka tu nisiwe mtu kwa muda.

Walikuwa wale akina mama. Wakatupitia mmoja mmoja. Walipofika kwangu wakasimama. Mmoja akasema huyu wamemharibu, jicho limewatoka vibaya. Mwingine akasema hata suruali, wangempa mkanda. Wa tatu akanifinya shavu, akasema lakini nta yake nzuri, laini. Wakapiga picha.

Kisha nikasikia bakora inagonga sakafu, polepole. Mjomba Abdulkadiri akaingia peke yake. Akaja akasimama mbele yangu. Akanitazama. Hakusema kitu. Nami sikutikisika. 

Hapo ndipo nilipomkumbuka fundi bomba. Mzee huyu hataondoka. Atasimama mpaka jumba lifungwe, mpaka bahari iingie humu ndani, na hatanisemesha. Na sikumwogopa tena, hilo ndilo la ajabu. Niliona mzee wa watu aliyepanda gari tangu asubuhi, akakaa kwenye benchi gumu, akabonywa pua, akafutwa jasho na mtu asiyemjua, na muda wote huo alikuwa anataka neno moja tu. Nilimwonea huruma. Nilijionea aibu.

"Shikamoo, Mjomba."

Mama mmoja wa Mlandizi alipiga yowe akaanguka kwenye ngoma. Mjomba hakugeuka. Akaniacha kidogo, kama mtu anayeonja mchuzi.

"Marahaba," akasema. "Kumbe unaweza."

Akanyoosha kidole, akanibonyeza pua. Kisha akaondoka zake na bakora yake. Mimi nikabaki jukwaani na machozi, ya jicho zima na ya jicho bovu.

 Njiani kurudi Seif aliweka kaswida. Mzee Kitwana alisinzia na chupa yake ya asali mapajani. Firdausi alitazama dirishani muda wote, mabega yanamtikisika. Sikuweza kujua kama analia au anacheka, na sikuwa na ujasiri wa kuuliza.

Jumapili, 17 Agosti

Sijala. Simu yangu ilibaki kwa yule mama wa Mlandizi. Firdausi hajapita. Nilikwenda kwake, jirani akasema amemsindikiza baba yake Marui.

Nimekaa na shajara hii niandike mpango mwingine. Hauji. Naandika hili kwa kuwa hakuna atakayelisoma: nampenda Firdausi. Si kwa sababu ya Seif, wala si kwa sababu ya ushindi. Nampenda anavyoketi barazani na daftari za watoto, anavyosoma makosa yao kwa sauti na kuyacheka bila kuwadharau. Nilikuwa na kazi moja, nikaiacha nikaenda kununua miwani.

Jioni Seif alikuja. Akaniletea simu na miwani, yule mama alimkabidhi. Akanipa pole, akaketi, akasema mwezi wa kumi na moja anaoa. Bibi harusi anaitwa Nuria, wa hapo hapo Kongowe, mwenye mgahawa, na asali yote ile ni ya chai ya mgahawani kwake. Akaniomba niwe kwenye kamati ya harusi.

Nimekubali, ili nimchunguze kwa karibu.

Jumanne, 19 Agosti

Baba mwenye nyumba aliitwa Temeke. Alikaa huko mchana kutwa. Alirudi ameshiba, akaomba maji, akanywa, akaomba tena. Nilitaka kumtikisa. Hatimaye akajifuta mdomo na kusema tumekubaliwa.

Nikamwambia arudie. Akarudia.

Anasema Mjomba alianza kwa kuomba ile picha. Firdausi alikuwa ameshamtumia kabla simu haijanirudia. Kumbe Seif alimpa yeye aishike kwanza, jioni ile ya Jumamosi. Mjomba akaitazama sana, mimi na mkono wangu begani kwake, nacheka meno yote nje. Akasema tangu wenzake wa reli waanze kutangulia mbele ya haki mmoja baada ya mwingine, hakuna mtu aliyemwekea mkono begani. Wote wanamwogopa. Wanaingia, wanaamkia, wanasimama mbali. Picha ameipeleka kwa mtengeneza fremu.

Sharti lake moja tu. Mpaka siku ya nikahi, kila Ijumaa baada ya swala niende Temeke, nisimame mbele yake mimi mwenyewe, niseme shikamoo. Bila maelezo ya ziada. Hilo la maelezo alilirudia mara mbili.

Nililia mbele ya baba mwenye nyumba. Firdausi alifika magharibi, amejifunga khanga mpya. Akasimama pale barazani.

"Si nilikwambia usalimie tu?"

Nikasema ndiyo. Nikamwahidi mipango yote nimeiacha, kuanzia leo mimi ni mtu wa kwenda na kusalimia, basi. Akasema ataamini akiona. Tukacheka, na jicho halikuuma hata kidogo.

Jumatano, 20 Agosti

Nimepiga hesabu ya safari. Temeke ni mbali! Kila Ijumaa, foleni ya Kimara ile, halafu kurudi. Na ruhusa ya Bwana Fabian nitaipata kwa jino gani tena?

Seif amepita asubuhi kutoka Marui. Mzee Kitwana ametuma salamu za pongezi pamoja na bonge la nta, kubwa kama mto wa kulalia. Nta safi ya nyuki, haijachanganywa. Ameagiza niambiwe kwamba hii ndiyo nta yenyewe, ili nisije nikasahau tena tofauti. Mzee ana utani.

Nimeitazama ile nta. Nta nayo ikanitazama. Nikapata wazo.

Mjomba ni mzee, macho yake hayawezi kuwa mazuri sana. Anachotaka ni mimi kusimama na kusema shikamoo. Kusimama, nta inaweza. Kusema, nina simu ya zamani kabatini. Nimeshairekodi sauti kwa heshima zote: shikamoo, Mjomba. Simu itafungwa ndani ya kifua cha sanamu yangu, chini ya kanzu. Seif hupeleka saruji Temeke kila Ijumaa, ataishusha mlangoni na kuipitia jioni. Mimi mwenyewe nitakwenda siku za sikukuu.

Nilimweleza Recho, kwa siri. Aliacha kuchapa. Kisha akauliza, je, Mjomba akiitikia marahaba halafu akauliza habari za nyumbani?

Kweli, hilo sikuwa nimelifikiria.

Nimerekodi upya. Nimeongeza "nzuri".